Kutunza draiva ya michoro katika kerneli ya Linux: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Nimejifunza C, natumia Linux kila siku, nataka kusaidia kutunza draiva ya michoro. Nianzie wapi?" La pili hulifuata papo hapo: "Je, ni lazima niijue GPU nje ndani kwanza?" La tatu huja baada ya wiki chache: "Nimetuma kiraka, hakuna aliyenijibu. Nimekosea nini?" Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa nayajibu yote hapa.

Kwanza tuelewane juu ya neno kutunza. Anayeandika draiva hushangilia siku skrini inapowaka. Anayeitunza kazi yake ni kuhakikisha kwamba skrini ya mtu asiyemjua, iliyounganishwa kwa kebo asiyoiona, inawaka kesho kama ilivyowaka jana, ingawa msimbo wote unaoizunguka draiva umebadilika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na chombo kikishaundwa hukalafatiwa kila msimu, la sivyo maji huingia. Mwongozo huu ni wa kukalafati, si wa kuunda.

## Nadharia kidogo, halafu basi

Draiva za michoro zinakaa ndani ya saraka `drivers/gpu/drm/`. DRM hapa ni mfumo mdogo wa kerneli unaosimamia kadi za michoro. Hauhusiani na kufuli za hakimiliki za filamu. Draiva nyingi zina nusu mbili. Nusu ya onyesho, iitwayo KMS, hupanga ukubwa wa picha, masafa na soketi. Nusu ya kuchora hugawa kumbukumbu na kuipelekea GPU kazi. OpenGL na Vulkan, ambazo programu huzitumia kuchora, hazimo humo: ziko upande wa programu za mtumiaji, kwa kawaida katika mradi wa Mesa.

Ushauri wangu ni uanzie nusu ya onyesho. Makosa yake huonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni ya pamoja kwa draiva zote, kwa hiyo unachojifunza kwenye moja utakitumia kwenye nyingine. Na hapana, huhitaji kuijua GPU nje ndani.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kompyuta mbili: moja ya kujengea kerneli, nyingine ya kujaribia. Ya kujaribia itagoma mara nyingi, kwa hiyo isiwe na kitu unachokihitaji kesho.
- Kadi au bodi ambayo draiva yake unaitunza. Kama huna, anza na `vkms`, draiva isiyohitaji kifaa chochote. Iliingia kwenye kerneli katika toleo 4.19 mwaka 2018, na kazi yake hasa ni majaribio.
- Angalau skrini 2 za aina tofauti, pamoja na kebo za HDMI na DisplayPort. Hitilafu nyingi hujificha kwenye skrini ambayo huna.
- C ya kutosha kusoma vielekezi na miundo bila kutetereka, na git ya kutosha kurudi nyuma ukipotea.
- Barua pepe inayoweza kutuma maandishi matupu kupitia SMTP. Viraka (patches, yaani mabadiliko ya msimbo yaliyoandikwa kama maandishi) husafiri kwa barua pepe, na HTML huviharibu.
- Saa chache kila wiki. Mtu wa saa 3 za kila wiki ana faida kubwa kwa draiva kuliko mtu wa saa 40 za mwezi mmoja halafu kimya.

## Hatua 1: Chagua draiva moja, usome hali yake

Fungua faili `MAINTAINERS` kwenye mzizi wa msimbo, utafute jina la draiva. Mstari wa `M:` ni mtunzaji, `R:` ni mpitiaji, `L:` ni orodha ya barua, `T:` ni hazina ambako kazi hukusanywa, na `S:` ni hali. Hali ndiyo usome kwa makini. `Supported` ni draiva ambayo mtu analipwa kuitunza. `Maintained` ina mtunzaji. `Odd Fixes` ina mtu wa kupokea viraka lakini hana muda wa zaidi ya hapo. `Orphan` ni yatima.

Anayeanza ataisaidia zaidi draiva ya `Odd Fixes` au `Maintained` yenye mtunzaji mmoja aliyelemewa. Zile kubwa kama `amdgpu` (ya AMD) na `i915` (ya Intel) zina timu nzima. Utajifunza mengi, ila itachukua muda kabla hujaonekana.

Yatima hawaishi milele. Mwaka 2023, katika toleo 6.3, draiva za kizazi cha kwanza cha DRM zikiwemo `tdfx`, `mga`, `r128` na `savage` ziliondolewa moja kwa moja. Draiva isiyo na mtu wa kuipima huwa mzigo kwa kila anayebadilisha msimbo wa pamoja, na mwisho wake ni huo.

## Hatua 2: Chukua msimbo wa tawi sahihi

```
git clone https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
cd linux
git remote add drm-misc https://gitlab.freedesktop.org/drm/misc/kernel.git
git fetch drm-misc
git switch -c kazi drm-misc/drm-misc-next
```

Draiva ndogo nyingi hupitia `drm-misc`. Kazi mpya huenda `drm-misc-next`. Marekebisho ya toleo linaloandaliwa sasa huenda `drm-misc-fixes`. Kutoka hapo viraka hupanda kwa Dave Airlie na Simona Vetter, wanaosimamia DRM yote, kisha kwa Linus Torvalds. Kama mstari wa `T:` wa draiva yako unataja hazina nyingine, fuata hiyo.

Angalizo: usiandike kiraka juu ya kerneli ya distro yako. Ina mabadiliko yake yenyewe, na kiraka chako hakitashika kwingine.

## Hatua 3: Jenga kerneli yenye macho

Kwenye kompyuta ya kujaribia, chomeka kila kifaa unachokitumia, kisha hifadhi orodha ya moduli zake:

```
lsmod > lsmod.txt
```

Ipeleke kwenye kompyuta ya kujengea, uendelee:

```
make LSMOD=$HOME/lsmod.txt localmodconfig
./scripts/config --set-str LOCALVERSION "-jaribio"
./scripts/config -e DEBUG_KERNEL -e PROVE_LOCKING -e KASAN -m DRM_VKMS
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg
```

Amri ya mwisho hutoa vifurushi vya jamii ya Debian; kwa jamii ya Fedora tumia `binrpm-pkg`.

Kosa la kila anayeanza ni kuendesha `localmodconfig` bila hiyo `LSMOD`, kwenye kompyuta isiyo ya kujaribia. Amri hiyo huondoa kila moduli isiyotumika wakati huo, kwa hiyo unapata kerneli safi isiyoijua diski wala kadi ya mtandao ya mashine uliyoikusudia.

`PROVE_LOCKING` hukagua mpangilio wa kufuli (locks) za msimbo na kukuonya hata kabla mashine haijaganda kweli. `KASAN` hukamata msimbo unaogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Kerneli itakuwa nzito. Ivumilie, maana hiyo ni mashine ya kutafutia makosa.

## Hatua 4: Andaa mlango wa nyuma

Unafanyia kazi kitu chenyewe kinachokuonyesha ulichofanya. Siku kitakapokufa hutaona ujumbe wowote, basi weka SSH kwenye mashine ya kujaribia na uhakikishe inaingilika kabla ya kugusa mstari mmoja.

Mbinu ninayoitumia kila siku ni kuizuia draiva isipakiwe yenyewe. Ongeza kwenye mstari wa amri wa kerneli:

```
modprobe.blacklist=jina_la_draiva log_buf_len=4M
```

Mashine itawaka bila draiva hiyo. Ingia kwa SSH, acha `sudo dmesg -w` ikiendelea kwenye dirisha moja, na kwenye dirisha jingine ipakie kwa mkono kwa `sudo modprobe jina_la_draiva`. Kama itaanguka, maneno ya mwisho utakuwa nayo.

## Hatua 5: Pima kabla ya kugusa

Jenga IGT, mkusanyiko wa majaribio ya draiva za DRM. Zima mazingira ya dirisha kwanza, maana majaribio yanahitaji kuimiliki kadi peke yao:

```
sudo systemctl isolate multi-user.target
sudo modprobe vkms
sudo IGT_FORCE_DRIVER=vkms ./build/tests/kms_flip
```

Fanya hivyo hivyo kwa draiva yako, kisha hifadhi matokeo. Majaribio mengine yataanguka ingawa hujabadilisha kitu. Hilo ni sawa, andika yapi. Bila orodha hiyo, kesho utakesha ukitafuta kwenye kiraka chako kosa lililokuwepo kabla yako.

## Hatua 6: Jibu ripoti

Hapa ndipo utunzaji unapoanzia, na hapa ndipo watu hukimbia kwa kuwa hakuna msimbo wa kuandika. Usikimbie. Mtunzaji aliyelemewa hana haja kubwa ya msimbo zaidi. Anahitaji mtu wa kuigeuza ripoti ya "skrini haifanyi kazi" kuwa kitu kinachoweza kutengenezwa.

Mwombe mwenye ripoti mambo haya, kwa upole, kwenye ujumbe mmoja:

1. Toleo la mwisho la kerneli lililofanya kazi, na la kwanza lililokataa.
2. `dmesg` nzima tangu mashine kuwaka, si kipande.
3. Matokeo ya `lspci -nnk`, au jina la bodi kama si PCI.
4. Kilicho kati ya kadi na skrini: kebo, adapta, doki, swichi.
5. Kama hitilafu huja kila mara, au baada ya mashine kulala na kuamka tu.

Namba 4 ndiyo husahaulika. Niliwahi kuzungushana na mtu kwa siku nyingi juu ya skrini iliyokuwa ikipepesa, nikasoma msimbo wa saa za onyesho hadi nikaukariri, kabla hajataja kwamba skrini hiyo imepita kwenye doki. Tangu siku ile naliuliza hilo mwanzoni kabisa.

Kama logi haitoshi, mwambie aongeze kina:

```
echo 0x16 | sudo tee /sys/module/drm/parameters/debug
```

Namba hiyo hukusanya ujumbe wa draiva, wa KMS na wa atomiki (mabadiliko ya onyesho yanayofanywa yote kwa pamoja au yasifanywe kabisa). Anayewasha kila kitu hupata mafuriko ya mistari, na ule unaohusika huzama humo.

Angalia pia neno `Tainted` kwenye ripoti ya ajali. Herufi `P` ina maana kuna moduli ya kibiashara iliyofungwa, na `O` moduli iliyojengwa nje ya kerneli. Mwombe ajaribu tena bila hizo. Usimkemee, eleza tu kwamba msimbo usioonekana haukaguliki.

## Hatua 7: Mtafute mkosaji kwa kugawa nusu kwa nusu

Kilichokuwa kikifanya kazi kikiacha kufanya kazi, usikisie.

```
git bisect start
git bisect bad v6.12
git bisect good v6.11
```

Git itakupa hatua ya katikati. Jenga, washa, jaribu, kisha sema `git bisect good` au `git bisect bad`. Kila toleo huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini kwa kuwa kila jaribio hukata nusu, utamaliza kwa majaribio kama 14. Kerneli isipojengeka njiani, tumia `git bisect skip`.

Unaweza kufupisha safari kwa kuongeza `-- drivers/gpu/drm/` mwishoni mwa amri ya kuanza, ila jihadhari: mkosaji akiwa kwenye msimbo wa nishati au wa PCI, utafutaji utamsingizia mtu asiye na hatia. Ukimpata mkosaji, liondoe badiliko hilo kwa `git revert` juu ya kerneli mpya uone kama hitilafu inatoweka. Ukiruka hatua hii utakuja kumlaumu mtu bure.

## Hatua 8: Andika kiraka

Kirekebishe kitu kimoja. Usipambe, usipange upya nafasi, usibadilishe majina ya jirani. Zaidi ya hapo, kuna kanuni mbili ambazo zikivunjwa hutoa hitilafu nyingi nilizopata kuziona.

Ya kwanza ni ya atomiki. Kila ombi la kubadili onyesho hupita milango miwili. Mlango wa kwanza, `atomic_check`, huuliza tu: hili linawezekana? Hapo hairuhusiwi kugusa rejista hata moja, wala kubadili chochote nje ya hali mpya uliyokabidhiwa, kwa sababu programu ina haki ya kuuliza mara mia bila kutenda. Mlango wa pili ni wa kutenda, na hapo hairuhusiwi kukataa. Kwa hiyo kila kinachoweza kushindikana, iwe ni kutenga kumbukumbu, masafa ya saa au upana wa njia ya data, kihesabiwe mlango wa kwanza. Nikipitia kiraka na kukuta `return -EINVAL`, yaani kukataa ombi, kwenye kutenda, huwa najua pa kurudi. Jambo dogo linalouma sana: `atomic_check` ikipokea `-EDEADLK` kutoka kwa funksheni saidizi ya DRM, irudishe juu kama ilivyo. Ndiyo njia ya kerneli kusema achia kufuli zote ujaribu tena. Ukiimeza, mashine itaganda siku moja kwa mtu fulani, na hataweza kueleza ilivyokuwa.

Ya pili ni ya uhai wa vitu. Kifaa kina uhai wake, unaokatika kinapochomolewa. Faili iliyofunguliwa na programu nayo ina uhai wake, na unaweza kuendelea baada ya kifaa kuondoka. Ukitenga muundo wa konekta kwa `devm_kzalloc`, utaachiliwa pamoja na kifaa ilhali programu bado imeshika faili. Programu ikigusa tena, kerneli inasoma kumbukumbu isiyo yake. Tumia jamii ya `drmm_`, na vipande vinavyogusa rejista vizungushie `drm_dev_enter` na `drm_dev_exit`. Kosa hili nimelifanya mwenyewe kwenye draiva ya adapta ya skrini ya USB. Kiraka kilipita majaribio yangu yote kwa kuwa sikuwahi kuichomoa adapta huku dirisha likiwa wazi. Aliyeichomoa alikuwa mtumiaji, katikati ya kazi yake, na mashine yake ikaanguka. Leo situmi kitu bila kuendesha `core_hotunplug` ya IGT kwenye kerneli yenye KASAN.

Jaribu pia kulala na kuamka, mara 10 na si mara 1:

```
for i in $(seq 10); do sudo rtcwake -m mem -s 20; sleep 15; done
```

## Hatua 9: Kitume

Tazama `git log --oneline` ya saraka ya draiva uone vichwa vinavyoandikwa, mathalani `drm/vkms:` kisha kitendo. Ujumbe huandikwa kwa Kiingereza. Sentensi fupi zinatosha. Eleza mtumiaji aliona nini, kwa nini ilitokea, na kwa nini dawa hii ni sahihi. Jinsi msimbo ulivyobadilika msomaji atajionea.

Mwishoni weka `Signed-off-by:` kwa jina unalofahamika nalo. Ni tamko kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama unarekebisha badiliko la zamani, tengeneza mstari wa `Fixes:` hivi, ukiweka utambulisho wa badiliko hilo mwishoni:

```
git log -1 --abbrev=12 --pretty='Fixes: %h ("%s")' UTAMBULISHO
```

Halafu:

```
git format-patch -1
./scripts/checkpatch.pl --strict 0001-*.patch
./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch
git send-email 0001-*.patch
```

Jitumie mwenyewe kwanza, ukipakue, ukijaribu kwa `git am`. Ukiombwa mabadiliko, tuma toleo jipya lenye `v2` kwenye kichwa, na chini ya mstari wa `---` ueleze ulichobadilisha. Jibu hoja ya kila mpitiaji mahali alipoiandika, hata ile usiyoikubali.

## Hatua 10: Pitia viraka vya wengine, ufuate kalenda

Hapa unavuka kutoka kuwa mtuma viraka hadi kuwa mtunzaji. Mtu akibadilisha kitu kwenye msimbo wa pamoja, kiraka chake kitagusa draiva yako pamoja na nyingine nyingi, na yeye hana kifaa chako. Wewe unacho. Kichukue kwa `b4 shazam` ikifuatwa na utambulisho wa barua, jenga, jaribu, ujibu kwa `Tested-by:`. Ukiwa umekisoma ukakielewa, ongeza `Reviewed-by:`. Neno hilo ni dhamana, kwa hiyo usiliweke kwa kumwonea mtu haya.

Kalenda ni hii. Toleo huchukua wiki 9 au 10: 6.11 lilitoka 15 Septemba 2024, na 6.12 likatoka 17 Novemba 2024. Wiki 2 za kwanza ni za kuunganisha kazi mpya, kisha matoleo ya majaribio kuanzia rc1 hutoka kila wiki. Kwa `drm-misc`, kazi mpya inayotaka kuingia toleo lijalo iwe imefika kabla ya rc6. Ikichelewa haipotei, inasubiri toleo la baadaye.

Ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye `drm-misc` huombwa ukishakuwa na viraka vya maana kama 5 hadi 10 vilivyoingia na unashiriki mijadala yake. Kusahihisha tahajia hakuhesabiwi. Ukiipata bado utahitaji mtu mwingine akupitie kabla ya kusukuma chochote.

## Hatua 11: Wakumbuke walioko kwenye matoleo ya zamani

Watu wengi hawatumii kerneli ya leo. Rekebisho linalowahusu liongezewe mstari `Cc: stable@vger.kernel.org` karibu na `Signed-off-by:`. Litaingia kwenye matawi ya zamani baada ya kuingia kwa Linus, kamwe si kabla. Likishindwa kushika utapokea barua inayoanza na `FAILED: patch`. Usiipuuze. Lirekebishe lishike kwenye tawi hilo ulitume, au useme wazi kwamba halihitajiki huko.

## Onyo kubwa: kiolesura kipya

Siku moja utatamani kuongeza ioctl (amri ambayo programu huitumia kuiomba draiva kitu) au sifa mpya ya kutumiwa na programu. Subiri. Kilichokwisha kutumiwa na programu hakivunjwi tena, hata kama ulikibuni vibaya, na utakaa nacho miaka. Ndiyo maana DRM ina sharti gumu: kiolesura kipya hakiingii bila programu halisi ya chanzo huria inayokitumia, iliyokwisha kupitiwa na mradi wake na kuwa tayari. Programu ya mfano haitoshi. Na kila sehemu ya bendera usiyoitumia bado, ikague kuwa ni sifuri na urudishe `-EINVAL` isipokuwa hivyo. Usipofanya hivyo, programu zitaweka takataka humo na hutaweza kuitumia kamwe.

## Ukikwama

Kerneli mpya haiwaki kabisa. Angalia kama Secure Boot imewashwa. Kerneli uliyoijenga haina sahihi inayotambuliwa. Kama inawaka lakini haioni diski, rudi kwenye onyo la `localmodconfig`.

Skrini nyeusi baada ya kuwaka. Washa kwa `nomodeset`. Ikionekana picha, tatizo ni draiva. Tumia mbinu ya hatua ya 4. Isipoonekana, huenda tatizo lilianza kabla ya draiva.

Logi inasema `Direct firmware load` imeshindwa, kosa -2. Faili ya fimuwea haipo pale draiva inapoitafuta. Mara nyingi ipo kwenye diski lakini haimo kwenye initramfs (mfumo mdogo wa faili unaotumika mwanzoni mwa kuwaka), na draiva hupakiwa kabla diski haijafunguliwa. Jenga initramfs upya.

GPU imeganda lakini mashine iko hai. Kimbilia `/sys/class/devcoredump/` unakili faili ya `data`. Kwa kawaida hujifuta baada ya dakika 5.

Lockdep (mkaguzi wa kufuli anayewashwa na `PROVE_LOCKING`) ilitoa onyo jana, leo kimya. Hujapona. Hujizima yenyewe baada ya onyo la kwanza hadi uwashe mashine upya. Shughulikia la kwanza, washa, utafute linalofuata.

Kadi ilikuwa `card0`, sasa ni `card1`. Si kosa. `simpledrm` hushika namba ya kwanza mapema, kisha draiva yako inaichukua skrini kwa namba inayofuata. Usiandike hati zinazotegemea namba hiyo.

Skrini haitambuliwi. Soma `/sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/status`, ukibadilisha majina kwa soketi yako. Ikisema `connected` lakini ukubwa wa picha si sahihi, pitisha faili ya `edid` iliyo jirani (maelezo ambayo skrini hujitangaza nayo) kwenye `edid-decode`. Skrini zinazojitangaza vibaya ni nyingi. Ikisema `disconnected`, badilisha kebo kabla ya kufungua msimbo.

Kiraka hakijajibiwa. Subiri wiki 1 hadi 2, na zaidi kama ni kipindi cha kuunganisha. Hakikisha kilifika kwenye orodha ya barua na si kwa mtu mmoja tu, na kwamba uliwatumia wote waliotajwa na `get_maintainer.pl`. Kisha jibu barua yako mwenyewe kwa mstari mmoja wa adabu ukiuliza kama kuna la kurekebisha. Ukiwa unasubiri, chukua kiraka cha mtu mwingine kwenye draiva hiyo hiyo ambacho nacho hakijajibiwa, ukijaribu kwenye kifaa chako, umwandikie ulichokiona.